Kiatu cha Kulia

4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa kwenye kigoda chako na si umepanda tena juu ya paa la mtu. Mimi huku sijambo. Chumba changu bado kinavuja pale pale, na mwenye nyumba bado anasema fundi anakuja kesho. Mama ananiambia mmenuniana kwa sababu ya cherehani yake iliyoko kwako. Mrudishie, Mjomba. Ukikaa nayo sana atakuja kuichukua kwa fujo, na dada yako unamjua.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema kwamba kwenye simu mtu husema "niko poa" kabla hajaulizwa. Isitoshe nina mzigo, na barua nimeitia ndani ya mzigo, kwenye kiatu cha kushoto, kule mbele kwenye vidole. Kama unasoma hapa basi umeshaipata.

Sasa habari za mguu. Ule ufa kwenye mfupa wa muundi, wa kulia, unaendelea vizuri. Daktari wa mazoezi hapa hospitali, mama mmoja mfupi asiyecheka, amesema mwezi huu wote nitembee tu, nisikimbie hata nikifukuzwa na mbwa. Namtii. Natembea asubuhi na jioni kama mstaafu, mpaka watoto wa mtaani wameanza kuniamkia. Kiwandani wamenirudisha kufungasha sabuni siku nzima, kwa kuwa wanaoruhusiwa kutoka saa sita kwenda mazoezini ni wakimbiaji wa timu ya kiwanda tu. Mchujo wa timu ya mwakani ni Novemba, kwa hiyo nina muda wa kutosha.

Viatu ndivyo hivyo. Cha kulia kimefumuka ubavuni, na cha kushoto kiko njiani kumfuata mwenzake. Nishonee kwa ule uzi wako mnene. Si haraka, ila ningefurahi kuvipata mapema. Na usimwambie Mama kuwa nimevituma. Tangu nikiwa mdogo, likitajwa neno mbio mbele yake anainuka na kuondoka chumbani, na sitaki uanze kesi nyingine juu ya ile ya cherehani.

Mpwa wako,
Chiriku

19 Machi

Marahaba, Chiriku wa mjomba,

Barua yako nusura niwashie jiko. Nilitia mkono kwenye kiatu, nikagusa karatasi, nikadhani umeweka gazeti ili ncha isibonyee, nikaitupa kando. Bahati nikaona jina langu. Siku nyingine andika juu ya boksi kama watu wengine.

Huku hatujambo. Hiyo cherehani sikuiazima, niliitengeneza, lakini dada yangu akishasema jambo limekuwa. Nimemrudishia kwa mkono wa jirani. Mimi nimesogeza meza ya kazi mpaka mlangoni ili nipate mwanga. Mteja hana haja ya kuingia ndani, na mimi sina haja ya kuinuka. Jumapili mbili hizi sikwenda kula kwa mama yako. Kazi ni nyingi.

Viatu nimevishona. Sasa kaa chini, mwanangu.

Soli hizo nilizibandika mimi, mpira mpya, wiki moja kabla hujaumia. Ulivivaa mara tatu ukaumia. Hilo ulilisahau wakati unafunga mzigo. Kwa hiyo mpira wote ulioliwa hapo umeliwa baada ya daktari kukukataza. Nimekaa na viatu vya watu miaka thelathini na mitano. Mtembeaji hula kisigino, upande wa nje. Sijamwona bado mtembeaji anayekula mpira chini ya vidole. Chako cha kushoto kimeliwa hapo mpaka michirizi imefutika. Cha kulia kimeliwa nusu yake, tena upande wa ndani, maana yake unakimbia huku unaukwepa mguu wako mwenyewe. Unakimbia, unaumia, na unajua kwamba unaumia.

Sikukasirika sana. Nimekasirika kiasi. Soli haisemi uongo. Nilikuwa sijajua kwamba wewe unasema.

Nakurudishia cha kushoto. Cha kulia kinabaki kwangu, kwenye kabati la ngozi, na ufunguo uko mfukoni. Kitatoka siku huyo mama mfupi asiyecheka atakapoandika kwa mkono wake kwamba unaruhusiwa kukimbia. Msalimie.

Mjomba wako,
Gundi

27 Machi

Shikamoo.

Nimepokea kiatu kimoja. Karani wa ofisi ya mizigo alinihurumia, akasema kingine lazima kimeibwa njiani, akataka kunitolea fomu ya malalamiko. Nikamwambia aache, mwizi namjua.

Nina miaka ishirini na tisa, Mjomba. Si mtoto wa kufichiwa kiatu. Wewe umekaa huko mbali na kigoda chako, unaangalia mpira, unatoa hukumu. Hujui hapa kukoje. Hujui kusimama kwenye mkanda wa sabuni saa nane mfululizo, halafu saa sita mchana kuwaona wenzako wanapita dirishani na kaptura zao wanacheka.

Wewe ulikimbia ujanani, ukaanguka kwenye paa, basi, mambo yakaisha siku moja. Ilikuwa bahati mbaya na hakuna aliyekuuliza uchague. Mimi kila asubuhi naamka sijaanguka popote na bado naambiwa nikae. Mtu aliyeachishwa na paa hawezi kunifundisha kungoja.

Usihangaike kujibu. Viatu vingine vipo duniani.

Chiriku

20 Aprili

Mpwa wangu,

Nakujulisha tu kwamba cherehani ya mama yako imeharibika tena, na safari hii anasema ni mimi niliyeiharibu nilipoitengeneza. Jirani ndiye ananiletea maneno yake na kunipelekea yangu.

Kiatu kipo. Nakipangusa kila Jumamosi kisije kikaota ukungu.

Gundi

29 Mei

Shikamoo Mjomba,

Asante kwa kukipangusa. Habari za Mama ninazo, tuliongea kwenye simu, sauti yake nzuri. Huku mvua imekatika na paa limeacha kuvuja lenyewe, kwa hiyo mwenye nyumba anasema ameshatengeneza.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa naona haya, na bado naona. Acha niseme haraka.

Niliazima viatu vya mwenzangu wa mkandani. Vimenizidi namba moja, nikavijaza soksi. Nilikimbia siku kumi na mbili, mapema kabla ya kazi, nyuma ya kiwanda pasipo na watu. Siku ya kumi na tatu nilikuwa nashuka ule mteremko wa lami kuelekea geti la malori, mguu ukachomwa pale pale, kama msumari. Nilirudi nikishika ukuta.

Daktari alipiga picha nyingine ya eksirei. Akaibandika kwenye kioo cha taa, kando yake akabandika ile ya Januari, akaniacha nizitazame. Ufa uliokuwa umeanza kuziba umefunguka tena. Akaniuliza maumivu yalianza lini. Nikasema leo. Akaniuliza tena, kwa sauti ile ile. Nikasema siku ya nne. Akaandika siku ya nne.

Kisha akaniambia hivi, nakuandikia neno kwa neno: "Mfupa huu ukifunguka mara ya tatu unaweza kukatika kabisa. Hapo mimi na wewe hatutaongea tena habari za kukimbia. Tutaongea habari za kutembea."

Niko kwenye magongo wiki sita. Kiwandani wamenipa kigoda, nabandika karatasi kwenye maboksi.

Unastahili kujua kwa nini nilifanya vile. Kocha ameleta msichana mpya, mrefu, ana mbio nyepesi. Ubao wa timu uko kwenye korido ya chakula na majina yote yameandikwa kwa kalamu nene, ila langu sasa liko kwa penseli. Nikipita na sahani yangu naliona. Sijui kitu kingine cha kuwa, Mjomba. Naogopa kwamba nikikaa mpaka nipone nitagundua hakuna aliyekuwa ananingoja.

Nisamehe yale maneno ya paa.

Chiriku

11 Juni

Marahaba mwanangu, na pole. Pole sana.

Barua yako nilikaa nayo siku mbili. Nilitaka kuandika "nilikwambia", nikaona hata mbuzi anaweza kuandika hilo akipewa kalamu.

Nikueleze habari za gundi, kwa kuwa ndiyo elimu niliyo nayo. Wateja wangu wote wana haraka. Anakuja mtu na kiatu kimeachama mdomo, anataka aondoke nacho hapo hapo. Gundi ya viatu unaipaka pande zote mbili, kisha unaziacha, huzigusishi. Unangoja. Inafika mahali ukiigusa kwa kidole hainati tena, na mteja anasema fundi, gundi yako imekufa, paka nyingine. Haijakufa, hapo ndipo imekuwa tayari. Ukiwahi, kiatu kinashika mbele ya mteja na kinaachia njiani, na matusi yanarudi kwangu. Mpaka leo mimi mwenyewe huwa nashikwa na kishawishi cha kuwahi.

Fanya anavyosema huyo mama. Na kila asubuhi, kabla hujaukanyaga mguu, andika kwenye daftari kama unauma, na unauma wapi. Usimwandikie daktari wala mimi. Likiwa la kusomwa na mtu utadanganya, hiyo ni damu ya kwetu.

Paa nimelisamehe. Tusiliongelee.

Mimi mzima wa afya. Nimehamishia kitanda hapa chini karakanani. Kazi ikiwa nyingi, kupanda ngazi kwenda kulala na kushuka tena ni kupoteza wakati. Kigoda nimekifungia magurudumu ya toroli la mtoto, naweza kutoka mezani mpaka kabatini kwa kujisukuma. Watu wanakuja kukiona. Nimekuwa mvumbuzi uzeeni.

Gundi

14 Julai

Shikamoo Mjomba,

Magongo nimeyarudisha hospitali. Natembea. Kwanza dakika tano, sasa ishirini, na daftari langu lina asubuhi tisa mfululizo zilizoandikwa "hakuna". Daktari ananisimamisha kwa ncha za vidole vya miguu, juu, chini, mara ishirini kila mguu, halafu ananitazama kama mtu anayengoja maji yachemke. Amesema nikitembea nusu saa bila maumivu, na nikiweza kurukaruka kwa mguu mmoja mara kumi, ataandika hiyo karatasi yako. Mwisho wa Agosti, labda.

Hayo ni yangu. Sasa ya kwako.

Mama amenipigia. Anasema tangu Machi hujakanyaga kwake, na kutoka kwako mpaka kwake ni nyumba kumi na moja. Anasema alipokuja kukutazama ulimpokea umekaa na ukamuaga umekaa. Nimetoa barua zako zote nikazisoma upya kwa mpango. Meza imehamia mlangoni. Kitanda kimehamia chini. Kigoda kimefungwa magurudumu. Hakuna barua hata moja ambayo umesimama.

Mimi si fundi viatu, lakini nimekulia sakafuni kwako nikicheza na visigino. Nitumie kiatu chako cha kushoto, kile unachovaa kila siku. Soli haisemi uongo, ulisema mwenyewe.

Chiriku

5 Agosti

Marahaba, Chiriku,

Mama yako anapenda kukuza mambo. Akiona sisimizi anasimulia ng'ombe. Mimi sijambo kabisa, nakula, nalala, nabishana.

Hicho hapo kiatu. Kiangalie utakavyo, kisha unirudishie upesi maana nakihitaji. Utaona mtu mwenye afya yake.

Nimefurahi kusikia habari za daftari. Endelea hivyo hivyo, usimzidi daktari ujanja.

Gundi

27 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Nakurudishia kiatu cha watu.

Kwanza, soli imeliwa vizuri, kisigino cha nje, taratibu. Ni ya mtu mwenye miguu miwili iliyo sawa. Pili, chako cha kushoto kina soli ya ziada unene wa kidole gumba, nimekijua hivyo tangu ninatambaa. Tatu, ndani umesahau kufuta chaki yako. Imeandikwa "Mwalimu, Jumamosi". Huyo Mwalimu Jumamosi hiyo alikwenda wapi na kiatu kimoja?

Nilicheka, kisha nikalia. Mtu hamtumii mpwa wake kiatu cha mteja isipokuwa chake kina jambo zito.

Karatasi ya daktari ninayo. Imeandikwa leo, kwa mkono wake, na sahihi chini. Kukimbia dakika moja, kutembea mbili, mara sita, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Maumivu ya mfupani yakija, kusimama hapo hapo. Nimeikunja nimeiweka kwenye Biblia ya marehemu bibi. Sikutumii. Sitakimbia hata hiyo dakika moja mpaka kiatu chako cha kweli kifike hapa. Wewe umefunga kabati, na mimi nimefunga langu.

Chiriku

15 Septemba

Mwanangu,

Mwalimu alikwenda kwenye kikao na kandambili. Amenisamehe, ila anasimulia watu.

Ndani ya boksi kuna viatu viwili. Kimoja ni chako cha kulia. Nakirudisha bila karatasi, maana sina tena haki ya kuidai. Cha pili ni changu.

Tazama ncha yake. Pale mbele pamekwanguka mpaka ngozi ya ndani imeonekana. Mguu hauinuki, naukokota. Ulianza mwaka jana kwenye nyonga. Niliongeza soli, nikadhani ni kimo tu kilichopungua, nikaongeza tena. Hospitali sikwenda. Nitakwambia kwa nini, na hili sijamwandikia mtu.

Hakukuwa na paa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimechaguliwa kwa mbio za mita elfu tano. Wiki tatu kabla, mguu wa kushoto ulianza kuuma muundini, mahali pa upana wa kidole kimoja. Unapajua. Sikumwambia kocha wala baba. Nilimwambia dada yangu peke yake, mama yako, alikuwa na miaka kumi na sita. Kila jioni alinikanda kwa maji ya moto na kunifunga kitambaa, na nikamwapisha asiseme. Alitaka kusema. Nikamwambia akisema si dada yangu.

Mashindano yalikuwa mbali na nyumbani, hakuna wa kwetu aliyekuwepo. Mzunguko wa mwisho nikasikia mlio. Nilidhani nimekanyaga kijiti. Nilipiga hatua tano zaidi baada ya mlio ule, Chiriku. Tano, nazihesabu mpaka leo. Watu walikuwa wanaita jina langu, na mimi sikujua mtu anasimamaje.

Nyumbani nilisema nilikuwa nawasaidia watu kuezeka paa nikateleza. Anayeanguka kwenye paa anapewa pole, na anayejivunja mwenyewe anaulizwa kwa nini. Mfupa uliunga vibaya, mguu ukawa mfupi, na nyonga imekuwa ikilipa miaka yote hii. Nikienda hospitali daktari atauliza ilikuwaje. Ndiyo hiyo sababu, hakuna nyingine. Mzee mzima anaogopa swali.

Mama yako haondoki chumbani kwa kuchukia mbio. Anaondoka kwa sababu hakuliamini paa hata siku moja, na anaamini kitambaa kile ndicho kilichonivunja. Nilipaswa kumwambia siku nyingi kwamba si yeye. Kila nilipotaka, ningelazimika kwanza kulitaja paa.

Usimwambie bado.

Mjomba wako

20 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Nilimwambia, kama unavyojua, maana wiki ile ile alikuja kukuchukua na gari la jirani na hukupewa nafasi ya kubishana. Sikuomba ruhusa na sasa pia siombi msamaha. Ameniambia sasa umelazwa, na kwamba mengine utaniandikia mwenyewe. Nangoja. Kiatu chako kipo dirishani kwangu, kimegeuzwa soli juu. Kila nilipotaka kumzidi daktari ujanja nilikitazama.

Nilianza ile dakika moja siku kiatu kilipofika. Ni kitu cha kuchekesha, dakika moja. Unaanza tu kusikia upepo, imekwisha, unatembea tena. Mwezi wa kwanza wenzangu walinipita mara mbili mbili na kuniuliza kama nimesahau kitu. Wiki ya tano nilikimbia dakika kumi bila kukatiza. Wiki ya nane, ishirini na tano. Daftari lote "hakuna". Daktari alisema mchujo ni mapema mno, mfupa unahitaji mpaka mwakani. Hakunikataza kwa maandishi. Nikasema nitakwenda kuangalia tu, na wewe damu yetu unaijua.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Mizunguko kumi na miwili na nusu. Jina langu bado lilikuwa kwa penseli. Nilikaa nyuma ya yule mrefu na mwili ulikuwa umenirudia wote, Mjomba, nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiandika. Mzunguko wa saba pakagonga. Padogo tu, pale pale, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Mzunguko wa nane pakagonga kila hatua. Kocha alikuwa anapiga kelele kwamba nampata, nampata. Ni kweli nilikuwa nampata.

Nikasimama.

Waliokuwa nyuma walinikwepa huku wakinilaani. Nilitoka kwenye mstari, nikakaa kwenye nyasi, nikavua kiatu cha kulia. Kocha alikuja akaniuliza nimeumia. Nikamwambia bado. Hakuelewa. Jumatatu alifuta jina langu ubaoni kwa ukingo wa shati, nikamwona. Mwakani ni mkandani, siku nzima. Nililia kwenye stoo nyuma ya maboksi mpaka nikasinzia, na aliyenikuta alisema kilio changu kinanukia sabuni.

Jana nilipigwa picha. Hakuna ufa. Mfupa umechoka, umelalamika, basi. Wiki mbili za kupumzika, kisha naanza upya na dakika moja. Nikamuuliza daktari ingekuwaje kama ningemaliza ile mizunguko minne na nusu. Akasema hajui na anashukuru kutojua. Halafu akacheka. Ana pengo mbele, Mjomba, ndiyo maana huwa hacheki.

Sijui kama nitakuwa mkimbiaji tena wa kitu chochote. Kukimbia nitakimbia.

Chiriku

4 Desemba

Marahaba mwanangu,

Naandika nimelala chali, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Wodi hii ina vitanda vinane na mkorofi mmoja, na huyo mkorofi ni mimi.

Daktari aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia. Aliandika, akageuza ukurasa, akaniuliza kama nina mzio wa dawa. Miaka thelathini na tisa nimeliogopa swali lile, na yeye alikuwa anajaza fomu.

Nyonga imekwisha. Watajaribu, lakini amesema wazi kwamba ningekuja miaka kumi iliyopita wangefanya zaidi. Gongo litakuwa langu mpaka mwisho. Nimelia kidogo, nimemaliza, na fundi mwenzangu anakata fimbo inayonifaa kimo.

Mama yako amekaa hapa anakunja nguo zangu vibaya. Nilimwambia si kitambaa chake. Alinijibu kwamba amesikia, nisirudie, akaendelea kukunja shati lile lile mara nne. Jana nikamsomea barua yako kwa sauti, yote, pamoja na mizunguko minane. Hakuondoka chumbani. Nilipofika pale uliposimama alinishika mkono, akaniambia nisome tena hapo.

Sasa nina ombi. Nitumie viatu ulivyovaa siku ile, vyote viwili, na usivipanguse. Mtu anayesimama ghafla mbioni huacha mkwaruzo kwenye kisigino. Nimeshika soli za watu maelfu, na sijapata kuuona mkwaruzo wa mtu aliyesimama kwa hiari yake. Nataka kuugusa.

Nitakurudishia vyote viwili.

Mjomba wako